Wivu wa Mteja

Wivu una aina zake kama kanga zilivyo na mitindo yake. Upo wa mke, upo wa jirani aliyepandisha ghorofa, upo hata wa mtu aliyewahiwa safu ya mbele msikitini. Huo wote una dawa. Lakini uliomshika Hashil wa Mtaa wa Uhuru, pale Kariakoo, haukuwa na dawa famasi wala kwa mganga, kwa sababu ulikuwa wivu wa mteja.

Duka la Hashil lilikuwa la kanga tupu. Alilirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake aliyetoka Hadhramaut na sanduku moja na kiburi cha masanduku kumi. Lilikuwa jembamba kiasi kwamba watu wa mtaa walizoea kusema mteja mnene akiingia, kanga zinatoka zenyewe nje kumpisha. Ndani ya wembamba ule marobota yalipanda hadi darini, na Hashil aliijua kila doti bila kuifunua. Maana kanga kwa wenyewe haianzi na rangi, inaanza na jina, yale maneno yaliyoandikwa pale chini ya mji, ile sehemu ya katikati. Mteja hasemi nataka ya njano. Anasema nataka ile ya "Mpishi mimi, sifa za mpakuaji," naye Hashil anapanda ngazi na kuichomoa huku macho yamefumba, kama mtu anayejikuna mgongo wake mwenyewe.

Kati ya wateja wake wote alikuwapo mmoja, Bi Celina, mama wa Kimwera kutoka Ndanda aliyehamia Buguruni ujanani na kukaa huko hadi Buguruni ikamzoea. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kiitwacho Tushikane. Sasa Tushikane hawakuwa na msimu. Harusi, sare. Kipaimara, sare. Unyago, sare. Maulidi ya jirani, sare. Wenye husuda walisema hata mbuzi wa Bi Celina akizaa, kikundi kinatoka na doti mpya. Na sare zote hizo, tangu Muhannad mwana wa Hashil anafungwa kamba za viatu hadi Muhannad kahamia Muscat na kuoa huko, zilitoka duka moja. Bi Celina alikuwa akiingia, anajiweka, anamwambia Hashil kwamba bei zake zitampeleka motoni na viatu vyake, Hashil anaapa kwamba anauza kwa hasara, wanacheka, wanabishana mpaka adhuhuri, ndipo mzigo unafungwa. Akina mama wa vikundi vingine, wa Ilala, wa Vingunguti, wa Tandika, walikuwa wakiingia dukani na kusema wametumwa na Bi Celina. Hashil aliwapokea na kumshukuru Mungu. Riziki, kwa maoni yake, haiulizwi imekuja kwa miguu ya nani.

Na kulikuwa na jambo moja alilokuwa akilisubiri kama mtoto anavyosubiri Idi. Leticia, kitinda mimba wa Bi Celina, alikuwa ameposwa. Sare ya harusi ile ingekuwa mama wa sare zote, na Bi Celina alishaapa palepale dukani, mbele ya Khairunnisa mke wa Hashil, kwamba siku ikifika atakuja kuichagua kwa mkono wake.

Basi jioni moja Hashil yuko juu ya ngazi, akaingia Samson.

Samson alikuwa kijana wa Masasi, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mchana kutwa alihangaika na makaratasi ya watu kule Posta. Jioni alikata Mnazi Mmoja kwa miguu, tai iko mfukoni, akaingia Kariakoo na kuwa winga. Winga hana duka wala meza, duka lake ni simu. Anapiga picha mali za watu, anawarushia wateja wake, akipata oda anakuja kuchukua mzigo kwa mwenye duka, anaweka cha juu chake, maisha yanaenda. Hashil hakuwa na neno na mawinga. Hata Samson alikuwa akimpenda, kwa sababu hakuwahi kupita bila shikamoo. Siku hiyo Samson aliomba robota zima, tena lifungwe vizuri maana linakwenda Buguruni, kwa Bi Celina wa Tushikane.

Wanaosimulia husema Hashil alishuka ngazi bila kukanyaga kipandio hata kimoja.

"Bi Celina yupi?" aliuliza.

"Si mama yetu wa Tushikane, mzee. Kanitumia oda kwenye simu. Kasema nisimcheleweshee."

"Na salamu?"

"Salamu gani, mzee?"

Hashil akafunga mzigo. Aliukaza kamba mpaka robota likawa kama kiuno cha nyigu.

Nyumbani alimweleza Khairunnisa, ambaye alikuwa anachambua mchele na hakuona sababu ya kuacha. Aliuliza kama robota limetoka dukani kwao. Limetoka. Aliuliza kama pesa imeingia. Imeingia. Sasa msiba uko wapi? Hashil akajaribu kueleza kwamba mali kuuzwa ni kitu kimoja na mtu wako kuja ni kitu kingine, kwamba Bi Celina amepita mbele ya mlango wake kwa njia ya simu bila hata kugeuza shingo. Alieleza mpaka jasho likamtoka. Khairunnisa akatupa punje mbovu.

"Baba Muhannad," alisema, "miaka yote hii ya ndoa mimi sijawahi kuonewa wivu wa namna hii. Kuna siku fundi friji alishinda humu ndani kutwa nzima, wewe ukamletea soda."

Maneno ya kweli hayatibu, huchokonoa. Kesho yake Hashil alitoa kabatini simu janja ambayo Muhannad alimletea kutoka Muscat, na ambayo hadi siku hiyo ilikuwa bado na karatasi yake usoni, kwa sababu mwenyewe aliridhika na kitochi chake cha kupiga na kupokea. Khairunnisa, mwenye dada zake Tanga na Unguja aliokuwa akipiga nao soga za wasapu miaka yote, akamfundisha. Kufundishika hakukuwa kazi. Mtu mwenye wivu hujifunza kitu chochote mbio, hata Kichina. Halafu Hashil akamwomba Samson, kwa sauti ya mtu asiye na haja, amwingize kwenye lile grupu lake la wateja linaloitwa Doti Kali.

Alichokikuta humo kilimkosesha usingizi. Samson hakuwa anauza kanga tu. Kila asubuhi alimwamkia mtu kwa jina lake. Huyu mtoto wake amefaulu, hongera. Yule mguu umemvimba, pole, na hapa kuna namba ya daktari mzuri. Ndani ya grupu alikuwamo fundi cherehani, alikuwamo mpambaji wa kumbi, mpishi wa pilau, mshereheshaji mwenye sauti nzito, hata mwenye kukodisha maturubai, na wote walirushiana wateja kama watoto wanaorushiana mpira. Mtu aliingia anatafuta doti moja, akatoka na harusi nzima. Kumbe karani wa mizigo, bila kibao cha duka wala leseni ya babu, alikuwa amefuma utando ambao buibui angeutamani. Na katikati ya utando huo, Bi Celina.

"Asanteni sana wanangu," alikuwa ameandika siku hiyohiyo, na chini yake makopa mekundu na mikono iliyokutanishwa. "Mmenifaa. Mungu awalipe, mimi sina cha kuwalipa."

Hashil aliyasoma maneno yale mpaka yakaanza kutembea. Wamemfaa? Wamemfaa nini, hawa watoto wa juzi? Nani alimfaa mwaka ule sare za Idi zilipoadimika mji mzima, akamfichia robota chini ya kitanda chake mwenyewe? Akaandika salamu zake: Asalaam aleikum wanagrupu. Wakaitikia kibao, mshereheshaji akaweka dole gumba, mpishi wa pilau akamkaribisha mzee wetu. Bi Celina hakuitikia.

Hapo ndipo Hashil alipofanya jambo ambalo mwanamume wa umri wake hafanyi. Mwanamume mwenye kisa na mwenzake humwita pembeni, wakasemana, wakamaliza. Kutupiana mafumbo kwa kanga ni kazi ya wake wenza na mawifi. Hashil aliyajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote, maana mafumbo hayo ndiyo yaliyomsomesha Muhannad. Lakini wivu ulikuwa umeshakaa kitini, akili imesimama mlangoni inasubiri kuitwa. Asubuhi akatundika mlangoni doti ya "Mpishi mimi, sifa za mpakuaji," akaipiga picha, akaiweka kwenye stetasi yake. Hiyo ilikuwa ya Samson. Siku ya pili akatundika "Kisima kilichokunywesha usikipite kama shimo." Hiyo ilikuwa ya Bi Celina. Ya tatu, akakosa dukani yenye uchungu wa kumtosha, akachimbua robota la marehemu baba yake hadi akapata "Umepata wapya, wa kale tumekuwa matambara." Kanga ilikuwa na vumbi, akapiga chafya, akaitundika hivyohivyo.

Raha ya stetasi, na balaa lake, ni kwamba ina jicho dogo chini. Ukiligusa unawaona wote waliochungulia. Kila baada ya swala ya magharibi Hashil aligusa jicho, na kila siku jina la Bi Celina lilikuwapo. Anasoma. Hasemi kitu, lakini anasoma. Hashil alilala kidogo na kuamka kutafuta kijembe kingine.

Ila kijembe kina ubaya mmoja, hakina anwani. Ukikirusha kwa mtu wako, kila anayekiona ana mtu wake. Mama mmoja wa Temeke aliiona ile ya mpishi na mpakuaji, akamkumbuka wifi yake, akatuma oda kabla chai haijapoa. Mwingine alikuwa na mwenye nyumba. Mwingine mke mwenza, mwingine mwalimu wa kwaya. Picha zikaanza kusafiri zenyewe kutoka simu hadi simu. Yalizuka na maneno: kwamba Hashil ameachwa, kwamba ameoa mke wa pili Kigamboni akamkimbia, kwamba anataka kugombea udiwani. Wapo wanaoapa kuwa kule Magogoni wanawake wawili walikutana ndani ya pantoni, kila mmoja amejifunga ile ya kisima kwa ajili ya mwenzake, wakapeana mgongo, na kwa uzito wa hasira zao pantoni likavuka hadi ng'ambo limeinama upande.

Na Samson je, aliyekusudiwa? Samson hakuona kijembe. Aliona biashara. Kila stetasi ya Hashil aliichukua, akaitupa Doti Kali na makundi mengine ambayo Hashil hakujua kama yapo, na juu yake akaandika: ya leo ya mzee Hashil hiyo, wahini. Jioni akaja dukani anang'aa.

"Shikamoo mzee. Umetisha."

"Marahaba," alisema Hashil, kama mtu anayemeza kwinini bila maji.

Samson alimweleza kwamba mpambaji wa kumbi anataka doti za kufunika meza, kwamba mwenye maturubai ana shemeji yake Mtwara anayetaka kuchukua mzigo kwa jumla, kwamba wote wanamwomba namba. Akamwomba radhi kwa kuchelewa kumtambulisha, hakujua kwamba mzee ana kipaji cha mtandaoni. Duka likajaa mpaka kanga zikakosa pa kutokea. Na Hashil, katikati ya neema ile, alikuwa na sura ya mtu anayeumwa jino. Sumu yake mwenyewe Samson anaichovya mkate na kula. Na kati ya sauti zote zilizoita jina lake kutwa, moja haikuwamo.

Halafu siku moja aligusa jicho, na jina la Bi Celina halikuwapo. Kesho yake vilevile. Alizima simu akaiwasha. Aliipangusa kioo. Akatundika kanga kali kuliko zote, akasubiri, akagusa. Walikuwapo watu wa hadi Songea, watu asiowajua kwa sura wala kwa kabila, Bi Celina hayupo. Alikuwa amezifunga stetasi za Hashil asizione tena. Kupita bila salamu ni jambo moja. Kutosoma hata matusi uliyoandikiwa ni jambo jingine kabisa, ni kama kufiwa.

Mwisho wa wiki Samson akaleta mfuko. Alisema Bi Celina kampa yeye mwenyewe na kumwagiza amkabidhi mzee mkononi. Khairunnisa alikuwapo dukani siku hiyo, anasaidia kwa sababu ya wingi wa wateja. Hashil aliupokea mfuko kwa mikono miwili, na moyo wake ukaruka kama wa kijana wa jandoni. Jibu limekuja. Mwenye kukujibu bado ni wako.

"Mwanamke wa watu anakuletea kanga," alisema Khairunnisa, "tena mkononi?"

Ndani ya mfuko kulikuwa na kanga moja, upande mmoja wa doti. Hashil aliifahamu kabla haijakunjuka, ilikuwa sare ya kwanza kabisa aliyowauzia Tushikane, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama shavu la mtoto. Akashuka na macho hadi chini ya mji kusoma jina. Jina halikuwapo. Mtu alikuwa ameyakata maneno yote kwa mkasi, kwa mstari ulionyooka, na pale palipobaki tundu akashona kipande cha kitambaa cheusi kwa mishono midogo, ya taratibu.

Hashil akaketi juu ya robota. Kwa muuza kanga hakuna tusi kubwa kuliko hilo, alisema. Amenikata ulimi. Heri angenitukana. Akaanza kutaja kanga atakayoitundika kesho, na kesho kutwa, na wiki ijayo, na Khairunnisa hakumsikiliza. Alikuwa anapitisha kidole juu ya kile kitambaa cheusi, kwenda na kurudi.

"Ulimwona lini kwa macho huyu mama?" aliuliza.

Hashil hakukumbuka vizuri. Kabla ya masika, labda. Khairunnisa akachukua baibui lake, akasema anakwenda Buguruni na asipigiwe simu.

Alirudi baada ya laasiri. Hakukaa. Alimngoja mteja wa mwisho atoke, akavuta mlango nusu, akamweleza mumewe kwa sauti ya chini. Dada yake Bi Celina, Agnesi, yule aliyemlea baada ya mama yao kufa, alifariki ghafla wakati wa masika. Walimsafirisha hadi Ndanda. Tangazo lilipita Doti Kali siku ileile, wiki kadhaa kabla Hashil hajaingizwa, na kwenye grupu aliyeingia leo haoni ya jana. Samson alikusanya rambirambi. Mwenye maturubai alitoa maturubai bure. Mpishi alipikia watu wa matanga, mshereheshaji mwenye sauti nzito alibeba viti kichwani. Hayo ndiyo aliyokuwa akiwashukuru kwa makopa. Lile robota lilikuwa sare ya arobaini, na mfiwa hatoki kwenda kuchagua kanga. Na yule mama aliporudi kutoka kuzika, alitazama wote waliokuja kumpa mkono, akauliza kama Hashil amekuja. Akaambiwa bado. Akasema atakuja.

"Badala ya kuja," alisema Khairunnisa, "arobaini haijatimia, ukamtundikia mlangoni kwamba amepata wapya."

Hashil akasema hakuambiwa.

"Ungeambiwa na nani? Habari zote za watu ulikuwa unaletewa na yeye."

Kwa mara ya kwanza tangu babu yake afungue, duka lile halikufunguliwa siku ya kazi isiyo sikukuu. Hashil alivaa kanzu, akachukua bahasha ya rambirambi, akaenda Buguruni kuhani. Njia nzima alipanga maneno. Alikuwa na akiba ya kutosha, alizaliwa ndani yake. Lakini alipoingia uani na kumwona Bi Celina amekaa kwenye kigoda anamenya njugu, amekonda, kichwani kitambaa cheusi kilekile, maneno yote yakamkimbia kama kuku walioona mwewe. Akabaki amesimama na viatu vyake mkononi.

"Nimechelewa," alisema. "Pole, Bi Celina."

Yeye aliendelea kumenya. Halafu akamsogezea kigoda kingine kwa mguu.

"Neno hilo moja tu," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa nafungua simu yangu, nasema labda leo ataliandika. Mtu mwenye maneno mengi vile. Nikaona yote yamekuja, hilo halimo. Nikachoka."

Hashil akaeleza habari za grupu, za kuingia leo na kutoona ya jana, za kitochi chake. Bi Celina alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Najua hukujua. Mkeo kanieleza. Lakini mwaka ule Khairunnisa alipolazwa na presha, mimi nani aliniambia? Nilikuta duka limefungwa kabla ya saa sita, nikauliza wapagazi, nikafika wodini kabla ya dada zake." Akatupa ganda. "Mimi nimepotea masika nzima, Hashil. Wewe uliona kwamba oda imepita kwa Samson."

Hashil akachota njugu, naye akaanza kumenya. Wakakaa. Wakamzungumza marehemu Agnesi, jinsi alivyokuwa anaimba vibaya na kwa sauti kubwa kanisani. Bi Celina akacheka kidogo, akajifuta. Hashil alitoa bahasha, akapokelewa. Alijiambia asiulize. Alijiambia hivyo akiwa kigodani, akiwa anasimama, akiwa anavaa kiatu cha kwanza. Kiatu cha pili kikamshinda.

"Na ile sare ya Leticia," alisema, akiitazama miguu yake. "Kwa Samson, au?"

Bi Celina akaacha kumenya.

"Umekuja kuhani au umekuja kuuza?"

"Kuhani. Wallahi kuhani. Nauliza tu."

"Basi nenda nyumbani, mzee. Usiharibu."

Akaenda. Siku zile hakutundika kitu mlangoni. Wateja wake wapya wakalalamika, mama wa Temeke akasema wifi yake ameanza kupata nafuu, lakini Hashil hakutikisika. Alimngojea mtu mmoja. Alikuwa sasa anawasalimu watu wa Doti Kali kila asubuhi, anaulizia miguu yao na watoto wao, mwanzoni kwa kujilazimisha na baadaye kwa kuzoea, na Samson akamsifu kwamba mzee ameiva. Hashil akapokea sifa, kisha akachungulia kama Bi Celina ameziona.

Arobaini ikapita. Asubuhi moja ya Jumamosi, mtaa umefurika, mikokoteni inapigana vikumbo na bodaboda, Bi Celina akaingia dukani. Mwenyewe. Kwa miguu yake miwili. Hashil alikuwa akimkunjulia mtu kanga, akaiacha hewani. Alimkaribisha, akampangusia kiti kwa kilemba chake mwenyewe, akaulizia hali yake, ya Leticia, ya mchumba, ya ukoo wote wa Ndanda mmoja baada ya mwingine, mpaka ya waliokwisha kufa. Bi Celina alijibu yote kwa upole. Kisha akageuza macho kuelekea nyuma ya duka.

"Khairunnisa yupo? Tuna miadi."

Kumbe tangu siku ile ya baibui, wanawake wale wawili walikuwa wakitumiana sauti kwenye simu asubuhi na jioni. Bi Celina alimwita Khairunnisa mdogo wangu. Sare ya Leticia ilikwisha kuchaguliwa tangu juma lililopita, kwa picha, doti kwa doti, na Hashil ambaye alikuwa akilala kitanda kimoja na mmoja wao hakuwa na habari. Si hiyo tu. Walikuwa wameshakubaliana na Samson kuanzisha grupu lao la sare za akina mama wa kusini, fundi yumo, mpambaji yumo, Khairunnisa anachagua, Bi Celina anawaita watu. Mzigo utatoka hapahapa dukani. Hashil aliambiwa hayo kwa mapana, kwa furaha, kama mtu anavyopewa habari njema.

"Sare inatoka kwangu," alisema polepole.

"Inatoka kwenu," alisema Bi Celina.

Khairunnisa akashuka ngazini na doti ya sare begani, akaikung'uta, wakaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mmoja alishika pindo la kulia, mwingine la kushoto. Wakabishana kuhusu bei, na Khairunnisa akaambiwa atakwenda motoni na viatu vyake, naye akacheka, kicheko ambacho Hashil hakukumbuka kukisikia tangu siku za uchumba. Hashil akasogea, akasema bei anaweza kupunguza, kwa Bi Celina angepunguza hata robo, hata zaidi. Hawakusikia. Akataja jina la kanga, akaanza kueleza asili ya maneno yake.

"Baba Muhannad," alisema Khairunnisa, simu iko usoni, jicho moja amelifumba. "Tupishe mwanga kidogo, tunapiga picha."

Akasogea. Bado kivuli chake kiliingia kwenye picha. Akasogea tena. Mwisho akajikuta nje kabisa, juani, wapagazi wa Mtaa wa Uhuru wanampigia kelele awapishe na wao, akichungulia ndani ya duka la babu yake kama mtu anayeuliza bei asiyo na uwezo nayo, na kujaribu kuamua, kwa moyo unaouma kwelikweli, ni yupi kati ya wanawake wawili wale anayemwonea wivu kuliko mwenzake.